Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotaka Kusomea Uhandisi wa Anga

Wanangu,

Salaam. Nawasikia mkibishana chuo gani kinaongoza katika orodha za ubora, na naona orodha hizo zinawapotezea muda. Sehemu kubwa ya alama zake hutokana na tafiti na sifa za maprofesa, ambao huenda wasiwafundishe hata somo moja. Swali langu kwenu ni jingine: mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo hicho anaruhusiwa kugusa nini?

Chukueni handaki la upepo, yaani mtambo wa kupuliza hewa juu ya kielelezo cha ndege ili kupima itakavyotulia ikiruka. Vyuo vingi hujivunia kuwa nalo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Michigan, kijana aliyeitwa Kelly Johnson alilitumia la chuo chake kupima kielelezo cha ndege ya kampuni ya Lockheed, ile iliyokuja kuitwa Electra. Aliona haitulii, akasema hivyo, ingawa wakubwa wake walikuwa wameiridhia. Lockheed walimwajiri mwaka 1933, naye akarudi kwenye handaki lilelile na kuendelea kupima hadi ndege ikapewa mkia wa mapezi mawili. Baadaye ndiye aliyeongoza usanifu wa ndege za kijasusi za U-2 na SR-71. Sasa fikirini: handaki lile lingekuwa la kutazamwa na wageni tu, Johnson angejifunzia wapi?

Kwa hiyo watafuteni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, si ofisi ya udahili. Waulizeni wameunda nini kwa mikono yao, nani alilipia vifaa, na kilipoharibika nani alikaa nao kutafuta chanzo. Mwaka 2019 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walirusha roketi waliyoiunda wenyewe ikavuka kilomita 100 kwenda juu. Si lazima chuo chenu kifike huko. Setilaiti ndogo ya mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliyobuniwa mwaka 1999 na maprofesa wawili wa vyuo vya California kwa ajili ya mafunzo ya wanafunzi, inatosha kabisa kumfundisha mtu kazi hii.

Ithibati ni jambo la lazima, nalo halihitaji maneno mengi. Hakikisheni shahada yenyewe, si chuo tu, imethibitishwa na chombo kinachotoa ithibati za uhandisi katika nchi husika, na ulizeni kama chombo hicho kimo katika Mkataba wa Washington wa 1989, ambao wanachama wake hutambuliana shahada za uhandisi.

Mnaotaka kwenda Marekani, nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wengi huumia. Sheria za huko za kudhibiti teknolojia ya silaha na vyombo vya anga huwafungia milango mingi wasio raia wala wakaazi wa kudumu. Mgeni anaweza kuhitimu kwa alama za juu kabisa, kisha kampuni ya roketi ishindwe kumwajiri bila kibali maalumu. Lipimeni hilo kabla ya kukopa. Ulaya nako kuna shule zenye mizizi mirefu, kama Delft kule Uholanzi na ISAE-SUPAERO mjini Toulouse, Ufaransa. Nako pia ulizeni kazi za ulinzi zinamtaka raia wa wapi.

Na kama chuo mnachokimudu hakina idara ya anga, someni uhandisi wa mitambo kwa bidii: mwendo wa hewa na vimiminika, joto, uimara wa vyuma, hesabu za mifumo ya udhibiti. Wahandisi wengi wa ndege walianzia hapo, na shahada ya uzamili ya anga huwapokea vizuri. Naiona njia hiyo kuwa bora kuliko deni la miaka ishirini kwa ajili ya jina.

Mkishapata majibu ya chuo kimoja, pelekeni maswali yaleyale kwa kingine kabla hamjalipa ada ya kujiunga.

Ni mimi mzee wenu.