Kiwanda Hakifuati Korosho Peke Yake

Mhariri,

Kila minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, huku kwetu Mtwara husikika swali lilelile: kwa nini zao la Newala, Tandahimba na Masasi lipakiwe melini likiwa ghafi, likabanguliwe India na Vietnam? Wanaouliza huamini kwamba kiwanda hujengwa palipo na malighafi, na kwamba asiyefanya hivyo hajui hesabu. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini hesabu yenyewe ni ndefu kidogo.

Imani hiyo ina msingi. Mwaka 1909 mchumi Mjerumani, Alfred Weber, alionyesha kwamba malighafi inayopoteza uzito mwingi kiwandani hukivuta kiwanda kwake, ili mwenye mali asilipie usafiri wa makapi. Ndiyo maana viwanda vya sukari viko Kilombero, Mtibwa na Kagera, katikati ya mashamba, kwa kuwa tani kumi za miwa hutoa takriban tani moja ya sukari, na miwa iliyokwisha kukatwa hupungua utamu kila siku inapocheleweshwa. Saruji ya Wazo Hill huchomwa kando ya machimbo ya mawe ya chokaa kwa hesabu hiyohiyo ya uzito. Bia ni kinyume chake: karibu yote ni maji, hivyo kiwanda humfuata mnywaji.

Korosho, ambayo kiini chake ni kama robo tu ya uzito wake, ingepaswa kuwa upande wa sukari. Lakini muwa haungoji, ilhali korosho iliyoanikwa ikakauka vizuri hukaa ghalani miezi mingi na hustahimili safari ya bahari. Mbanguaji wa India hununua zetu mwishoni mwa mwaka, kisha hununua za Afrika Magharibi kuanzia mwezi Februari au Machi, na mashine zake hazilali. Mbanguaji wa Mtwara ana msimu mmoja. Akitaka wafanyakazi wake wawe na kazi mwaka mzima, ni lazima ndani ya wiki chache za mnada anunue korosho za miezi kumi na miwili, akishindana na wasafirishaji ambao fedha zao hurudi mara tu shehena inapouzwa.

Viwanda vilivyojengwa mikoa ya kusini miaka ya 1970 na 1980 vilikuwa jirani kabisa na mikorosho. Vingi vilifungwa, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zilezile zinazosubiri meli.

Kumpa mwekezaji kiwanja, umeme na barabara ni jambo jema, nami silipingi. Ombi langu ni kwamba waandishi wako, watakapoalikwa tena kwenye uzinduzi wa kiwanda cha kubangua, wasiishie kuuliza kinajengwa wapi, bali waulize ni nani atakayekikopesha fedha za kununulia korosho za mwezi Juni, na kwa riba gani.

Msomaji wako,
Mtwara