Vijiwe vya bodaboda vifundishwe huduma ya kwanza

Mhariri,

Jioni moja kijana aligongwa na gari pale Mianzini, Arusha. Damu ilimtoka pajani. Tulimzunguka tu, wengine wakipiga picha, hadi mama muuza ndizi alipovua kanga yake, akaikunja na kukandamiza jeraha kwa nguvu zote. Gari la wagonjwa bado lilikuwa kwenye foleni.

Damu haisubiri foleni. Kila kijiwe cha bodaboda, Sakina hadi Unga Limited, kiwe na vijana wawili watatu waliofundishwa kuzuia damu na kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wenye glavu na bandeji. Mtu akipiga 112, namba ya dharura, vijana hao waarifiwe papo hapo. Naliomba jiji lianze na vijiwe vya barabara kuu.

Mkazi wa Ngarenaro,
Arusha