Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi, walimu wetu, wazazi, wapishi wetu na wanafunzi wenzangu, hamjambo?

Kwa niaba ya Chama cha Mazingira nakukaribisha shuleni kwetu, hapa Eastlands, Nairobi, kwa mikono miwili. Mche uliopanda asubuhi kando ya lango tutautunza. Zamu ya kuumwagilia maji imekwisha kupangwa hadi mvua za vuli.

Mheshimiwa, miti tunaipenda na tunaipanda kila mwaka. Tumezaliwa katika nchi ya Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la kupanda miti, Green Belt Movement, mwaka wa 1977, akausimamia msitu wa Karura usinyakuliwe, akatunukiwa Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Lakini leo tunaomba kukueleza jambo ambalo miche yetu haiwezi kulitatua. Jambo hilo ni moshi wa jikoni.

Moto wa jiko letu huwashwa saa kumi alfajiri ili chai ya wanabweni iwahi, na githeri ya mchana ipate saa zake mekoni, maana mahindi makavu na maharagwe hayataki haraka. Tunapikia kuni za mkaratusi zinazoletwa na lori. Dohani lilipasuka zamani, basi moshi hutokea mlangoni na madirishani. Darasa letu la Kidato cha Tatu liko hatua ishirini kutoka hapo. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, huwa ndiyo mibaya zaidi: hewa ya alfajiri hutulia, moshi haupandi, na somo la kwanza tunalianza macho yakiwasha.

Muhula uliopita tulichukua vitambaa vitatu vyeupe, tukavipaka mafuta ya kujipaka ili vinase uchafu, tukavitundika siku tano. Kimoja langoni, mbele ya stegi ya matatu, kimoja dirishani kwa darasa letu, kimoja nyuma ya uwanja. Sote tuliamini cha langoni kitashinda kwa uchafu. Kilikuja na vumbi la kahawia. Cha dirishani kilikuwa cheusi, kinanata, na hata baada ya kufuliwa mara mbili kilinuka moshi.

Na hayo ni masizi tu, yanayoonekana. Kuni isipoungua ikaisha hutoa pia chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene karibu mara thelathini kuliko chembe hiyo. Pua haiwezi kuizuia. Hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza kiwango chake: kwa saa 24, wastani usizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba moshi wa majikoni ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Nimonia, pumu, kiharusi, maradhi ya moyo, saratani ya mapafu: yote yanahusishwa na moshi huu.

Mpishi wetu mkuu tunamwita Mama, na ametukubalia tumtaje. Amepika hapa miaka kumi na minane. Akiinama kuchochea moto hugeuza uso upande na kubana pumzi. Nilimhesabia siku moja nikafika kumi na moja ndipo akavuta hewa, nayo hewa yenyewe ilikuwa moshi. Kikohozi chake cha alfajiri tunakisikia tukiwa bwenini. Sisi tunakula githeri iliyoiva. Yeye anavuta kilichoiivisha.

Wapo wanaotuambia kuni si tatizo, kwa sababu mti ukikatwa mwingine huota. Kwa upande wa misitu hoja hiyo ina uzito, ikiwa kweli unapandwa. Kwa upande wa kifua cha Mama haina. Mkaratusi wa shamba lililotunzwa vizuri hutoa moshi ule ule.

Tusilolijua mwanzoni ni kwamba kuni mbichi huzidisha shida. Zikiingia motoni hutoa povu nchani na kulia. Joto linapotea kukausha maji na moto unapoa, kwa hiyo moshi unazidi. Tulipima gogo moja lililopasuliwa: kilo sita. Tulilianika chini ya mabati, na baada ya miezi mitatu lilikuwa kilo nne. Kilo mbili zile zilikuwa maji, na shule ilikuwa imeyalipia kwa bei ya kuni.

Mheshimiwa, Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na tunaamini aliye jikoni ni mtu pia. Ombi letu la kwanza ni dohani jipya, muhula huu, na banda la mabati la kukaushia kuni. Wazazi wawili mafundi wamejitolea kulijenga tukipata vifaa. La pili ni kubwa zaidi. Utusaidie kuzungumza na wanaohusika ili jiko hili lihamie gesi, au umeme, ambao hapa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Hatutaki banda la kuni liwe kisingizio cha kubaki na kuni miaka mingine kumi na minane.

Ratiba inaonyesha kwamba kutoka hapa utaelekea ukumbi wa chakula. Tunakuomba upitie jikoni kwanza. Moto unawaka sasa hivi, Mama anakungoja mlangoni, na kile kitambaa cheusi cha dirishani tumekitundika pale pale ukione.

Naomba kuwasilisha.