Kabla hujalipia hiyo mashine ya bwawa

Mambo ndugu yangu,

Nimepata meseji yako na picha za zile lebo mbili. Unaniuliza uchukue pampu ya joto ipi ya kupashia maji ya bwawa lako la kuogelea, inayotoa kilowati 9 za joto au ya 13, na mi nakujibu kwa swali, kava umeshanunua? Manake joto la bwawa halipotelei sana ardhini kama watu wanavyodhani, sehemu kubwa inapaa na mvuke juu ya maji, usiku hasa, na kukiwa na upepo ndo kabisa, sasa ukiwasha mashine bila kufunika bwawa ni kuchota maji kwa pakacha.

Haya, lebo. Ile moja imeandikwa COP 7 kwa wino mkubwa, yaani uniti moja ya umeme inakupa uniti 7 za joto, naona ndo iliyokuvutia. Hebu ikuze hiyo picha usome maandishi madogo ya chini: hewa nyuzi 27, maji nyuzi 27, unyevu asilimia 80. Yaani wameipima kwenye joto ambalo pengine ungeogelea tu bila mashine yoyote! Hii pampu ya joto haitengenezi joto, inalichota kwenye hewa inalipeleka kwenye maji, kwa hiyo hewa ikipoa nayo inapata kidogo. Tafuta mstari wa hewa 15 maji 26, hiyo ndo namba ya kulinganishia, na usishangae 7 ikawa 4 na ushee. Bado ni nzuri mno, hita ya koili ukiipa uniti moja ya umeme inakurudishia uniti moja ya joto, basi.

Saizi ni hesabu tu. Umesema 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25, hizo ni mita za ujazo 40. Kila moja inataka uniti 1.16 za joto kupanda nyuzi moja, bwawa zima uniti 46 na kitu. Kutoka 20 mpaka 28 ni kama 370. Ya kilowati 9 itakula masaa 41, ya 13 masaa 28 na nusu hivi, na hapo tumejifanya hakuna kinachopotea. Mi ningechukua ya 13, mradi iwe ya inveta, inakimbia mwanzoni afu maji yakifika inashuka inajiendea taratibu, hata kelele huzisikii. Na uliza kama koili inayogusa maji ni titaniamu, klorini inakula kopa, yaani shaba.

Sasa nikuchekeshe. Ya kwangu nilimwambia fundi aifiche kwenye kona isionekane, feni ikawa imeelekea ukutani, nafasi kama shubiri tatu. Wiki nzima maji hayapandi. Siku moja nikaweka mkono pale mbele, upepo wa baridi kama wa friji unagonga ukuta unarudi unavutwa tena kwa nyuma, yaani mashine inavuta pumzi yake yenyewe. Tukaigeuza ikatazama uwazi, kwisha habari. Na kabla ya hapo nilishamgombeza yule fundi kwa dimbwi lililokuwa chini yake, nikajua bomba limepasuka, kumbe ni unyevu wa hewa unageuka matone kama kwenye kiyoyozi. Akachovya karatasi ya kupimia klorini kwenye lile dimbwi, haikubadilika rangi hata kidogo. Nikabaki naangalia viatu vyangu.

Fundi wako aifunge baada ya filta, na kile kifaa cha kutia klorini kije baada ya mashine, kisiitangulie. Aweke na valvu za baipasi, za kupitisha maji pembeni, ili mashine ikiharibika filta iendelee kufanya kazi, na mashine iwe na breka yake ya umeme peke yake.

Nitumie picha ya hapo unapotaka kuiweka kabla hawajamwaga zege.