Kwa rafiki yangu, kuhusu lile shamba la Anathothi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Ujumbe wako niliupata usiku, nikausoma mara mbili kabla sijalala, na mara ya tatu asubuhi nikiwa hata uso sijanawa. Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Maneno yaliyonijia mwanzo yalikuwa yale ya kutumiana kwenye simu juu ya picha ya machweo, nikaona utayachoka kabla ya mstari wa pili.

Unauliza kusudi la Mungu kwako ni lipi, sasa kazi imekwisha, habari ni vita juu ya vita, na hata kanisani watu wamegawanyika hadi salamu zimekuwa shida. Unasema umeomba, umefunga, na mbingu zimenyamaza. Sitabishana nawe. Kimya hicho nakijua.

Unakumbuka mwaka ule nilipoachishwa kazi. Nisichokuambia ni kwamba kwa wiki sita niliendelea kuvaa shati la kazini kila asubuhi, nikabeba mfuko wa makaratasi na kutoka, ili watoto wasijue. Nilikuwa nakwenda kukaa kanisani, benchi la nyuma, namwomba Mungu anionyeshe kusudi. Hakunionyesha kitu. Aliyekuja ni bibi mmoja wa kikundi cha maombi, macho yamemwishia, akaniambia, "Mwanangu, maadamu umekaa tu, nisomee." Kusema kweli ilinichoma. Kukaa tu!

Kitabu alichagua yeye: cha nabii Yeremia. Tulipofika sura ya 29, nikausoma kwa madaha ule mstari wa 11 ambao kila mtu anao kwenye kalenda, wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Bibi akanirudisha nyuma mstari mmoja. Miaka 70! Ile ni barua kwa watu waliokwisha kupelekwa uhamishoni Babeli, na kabla ya ahadi ya kurudi wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uliowateka. Waliokuwa watu wazima siku barua inafika, wengi wao hawakuwa na umri wa kuisubiri ahadi hiyo. "Wachapa kalenda," bibi akasema, "hiyo sabini huwa hawaiweki."

Lakini iliyonishika ni sura ya 32. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, limeuzingira Yerusalemu, ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, na Yeremia amefungiwa uani kwa walinzi kwa kosa la kusema mji utaanguka. Hapo ndipo anapokuja binamu yake Hanameli: ninunulie shamba langu lililoko Anathothi, mji wa kwao. Hebu fikiria. Nchi inamezwa na adui, mnunuzi ni mfungwa, na huyohuyo mnunuzi ndiye anayehubiri kwamba mji umekwisha. Sijasikia dalali mwenye uso mkavu kuliko Hanameli. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akamkabidhi mwandishi wake Baruku hati mbili za shamba, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Kisha, baada ya hayo yote, akaanza kuomba, na ukiisikiliza sala yake hadi mwisho unasikia mtu aliyetatizwa: Bwana, umeniambia ninunue shamba, na mji huu umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, hao watu wa Babeli?

Bibi akanigusa mkono. "Rudia hapo. Alilipa kwanza?"

Nikarudia. Alilipa kwanza, akauliza baadaye.

Mimi nilikuwa nimepanga kinyume. Nilitaka nielezwe yote, niridhike, ndipo nitoe shekeli ya kwanza. Nawe naona umepanga hivyohivyo, na sikulaumu.

Mwaka uliofuata mji ulianguka kweli. Yeremia mara ya mwisho tunapokutana naye yuko Misri, amepelekwa bila kupenda. Hakuna mstari unaosema aliwahi kulilima lile shamba.

Kuhusu ujasiri uliouandika kwa herufi kubwa, unaosema huna. Wapo wanaohubiri kwamba "usiogope" imeandikwa mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ukikaa ukahesabu haifiki, na nadhani tunaipenda hesabu hiyo kuliko neno lenyewe. Yeremia aliambiwa usiogope tangu sura ya kwanza, na katika sura ya 20 analaani siku aliyozaliwa. Mimi ujasiri nimejifunza kwa Ebedmeleki, yule Mkushi wa nyumba ya mfalme. Yeremia ametupwa shimoni, anazama kwenye matope. Ebedmeleki anamwendea mfalme mbele za watu kumtetea, na hilo peke yake lingemgharimu. Kisha anapita ghalani kuchukua matambara makuukuu, anayashusha kwa kamba, anamwambia nabii ayaweke kwapani, chini ya kamba, zisimkate. Mji unakufa njaa, na mtu anafikiria makwapa ya mfungwa! Sura ile kila nikiisoma husimama hapo.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Ujumbe wako ulikuwa mrefu, karibu wote ni kusudi, kusudi, kusudi. Katikati, mstari mmoja tu, kama mtu anayetaja mvua: "halafu wanataka mtoto wa marehemu dada aletwe kwangu, kana kwamba sina yangu ya kutosha." Ukaendelea na mengine. Mimi sikuweza kuendelea.

Sikuambii umchukue. Najua hali, najua hata pa kumlaza ni shida, na wengine wa ukoo wenye nafasi kubwa wamejifanya hawasikii. Ukikataa, nitabaki rafiki yako vilevile. Ila Hanameli hakuja na ndoto wala sauti toka mawinguni. Alikuja na ombi la ukoo, tena wakati mbaya. Yeremia mwenyewe anasema ni pale binamu alipofika ndipo alipojua kwamba neno alilolisikia kabla, kwamba Hanameli atakuja, lilikuwa la Bwana.

Bibi bado namsomea, Alhamisi jioni. Tuko Ezekieli, na analala katikati ya vipimo vya hekalu. Kazi nilipata, ndogo kuliko ile ya zamani. Watoto niliwaambia ukweli. Mkubwa akasema alijua tangu wiki ya pili, kwa sababu mfuko haukuwa ukiongezeka makaratasi.

Nijulishe utakachoamua. Chumba cha nyuma kuna kitanda kidogo cha mwanangu, amekua, hakimtoshi tena. Mguu mmoja unacheza, ila msumari ninao.

Wako katika Kristo.