Adabu imeponzwa na bakora

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo wa Jumatatu ulisema wageni "wametiwa adabu" kwa mabao manne. Nimeisoma habari hiyo hadi mwisho, adabu waliyotoka nayo uwanjani sikuiona. Nimeona kichapo tu.

Sisi tuliosoma chuo cha Kurani, juu ya mkeka, neno hilo tulilijua kwa sura nyingine. Kulikuwa na adabu za kula: nawa, taja jina la Mungu, kula kilicho mbele yako, usivuke sinia kufuata nyama ya mwenzio. Kulikuwa na adabu za kuingia nyumba ya watu: hodi mara tatu, usipojibiwa rudi zako. Zilihesabika. Bakora nayo ilikuwepo, sikatai, na mgongo wangu unaikumbuka, lakini mwalimu aliiita adhabu, na dh yake ilisikika hadi barabarani.

Leo kumtia mtu adabu ni kumpiga. Kibaka katiwa adabu, mwanafunzi kafunzwa adabu, na hata "kuadibu", ambako ni kulea, watu hudhani ni kuadhibu iliyodondosha herufi. Na mzizi huo huo ndio uliotupa "adibu", jina tunalompa mwandishi bingwa kama Shaaban Robert; kwa Waarabu adab ni mwenendo mwema na ni fasihi pia. Basi adibu naye tuseme ni mtu aliyechapwa sana?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba neno hili siku hizi hushuka tu, halipandi. Mtoto hana adabu, mke hana adabu, msichana wa kazi hana adabu. Bosi anayefoka ni "mkali". Mwezi uliopita, kwenye dirisha la ofisi moja, kijana wa umri wa mjukuu wangu aliniambia, "Mzee, shika adabu yako," eti kwa kuwa nimeuliza faili langu liko wapi. Mshairi Mwana Kupona alipomuusia bintiye katika utenzi wake wa mwaka 1858, dini aliitaja kwanza, adabu ya pili, na papo hapo akaifungamanisha na ulimi mwema.

Nawaombeni, timu ikifungwa andikeni imechapwa, imenyukwa, imetandikwa, imebamizwa. Maneno ya kipigo tunayo tele.

Msomaji wenu,
Tanga