Salamu za Krismasi kutoka Praha

Tumsifu Yesu Kristo, wana ukoo wapendwa.

Kwa niaba ya nyumba yangu, nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Mlioko njiani kwenda nyumbani kuhesabiwa, Mungu awafikishe salama. Habari za nauli nimezisikia, na za bei ya mbuzi pia. Nimemwambia kaka mkubwa kwamba mbuzi mmoja wa ndafu atatutosha. Pombe yetu ya mbege isipungue, basi. Mchango wangu nimeshatuma.

Mwaka huu sina utani. Ni Krismasi ya kwanza bila Mama.

Huku Ucheki kuna shairi la mkesha wa Krismasi ambalo watoto hulisoma shuleni. Mtunzi wake ni Karel Jaromír Erben, mzaliwa wa Miletín, 1811, aliyekuja kuwa mtunza nyaraka wa jiji hili la Praha mwaka 1851. Kazi yake ilikuwa kushinda na hati kuukuu, na mashairi yenyewe hakuandika mengi: kitabu chake cha 1853, Kytice, yaani shada la maua, kilikuwa na 12 tu. Katika shairi hilo, Hana na Marie wanakwenda ziwani usiku wa manane, wanatoboa barafu na kuchungulia majini ili wauone mwaka unaokuja. Hana anamwona mchumba wake. Marie anaona kanisa na jeneza. Mwaka unazunguka, mmoja anaolewa, mwingine anazikwa. Mshairi anasema ni afadhali kukaa gizani na tumaini, hata likiwa la uongo, kuliko kuijua kesho.

Krismasi iliyopita Mama aliniuliza kwenye simu nitakuja lini. Nikamjibu, mwakani. Ningechungulia barafuni, ningepanda ndege usiku uleule. Kwa hiyo mzee Erben anisamehe, hapo sikubaliani naye.

Ila lile la kwanza kitabuni lilinikamata. Mama amekufa, yatima wake wanakwenda kaburini kila asubuhi, naye anawahurumia. Roho yake inarudi ikiwa vijiua vidogo vilivyotanda juu ya kaburi. Watoto wanamtambua mama yao kwa harufu. Wacheki wanauita mmea huo mateřídouška, roho ya mama. Nilifunga kitabu. Kwenye picha mliyonitumia naona masale ya kaburini yameshika vizuri. Siku yanapandwa sikuwepo.

Sasa mnivumilie, maana nina neno na vijana. Erben hakukaa ofisini tu. Alikusanya nyimbo za watu wa kawaida, za harusi, za kazi, hata za watoto wanapocheza, na kitabu chake cha 1864 kina zaidi ya 2000. Wakati huo mtu aliyetaka kuonekana msomi hapa Praha alizungumza Kijerumani, naye akaketi kuandika maneno ya bibi wa kijijini, moja baada ya jingine, huku afya yenyewe ikiwa mgogoro. Kifua kikuu kilimmaliza mwaka 1870. Ninyi mna simu mkononi, na tangu Desemba ianze mmetuma picha za nyama tu. Kuheshimu baba na mama siyo kuweka marumaru juu ya kaburi na kugawana fulana zenye picha ya marehemu. Wazee waulizwe wangali wanajibu! Tutaulizwa siku moja tulifanya nini na tulichopewa, na hatutasema mtandao ulikuwa chini. Nami najihesabu humo, wa kwanza.

Mama mkubwa akija tarehe 26, atakayeketi karibu naye amwombe ule wimbo waliokuwa wakiimba na Mama wakichambua kahawa. Mimi nakumbuka mstari wa kwanza tu. Mrekodini na mnitumie hivyo hivyo, hata kama mbwa anabweka na watoto wanapiga kelele.